Mashoto

Chumba changu cha gemu kipo Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kati ya kinyozi na gereji ya Fundi Mhina.
Mia mbili mchezo mmoja.
Ukishika pedi na mafuta ya sambusa mkononi, nakutoa nje.

Wengi wanataka mpira. Mbio za magari
ni za Kibwana na nduguye Chambo tu,
na gari lao ni lilelile: namba thelathini na saba,
buluu iliyokolea, mistari ya njano ubavuni,
gari la dukani lililovuliwa viti likavishwa nondo,
milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani kama mwizi.
Maandishi yanasema lilikuwepo kweli,
kuna mtu aliushika usukani ule, akazeeka.
Uwanja ni duara refu. Kushoto. Kushoto. Kushoto tena.
Sijaliona likikata kulia.

Jumanne moja baada ya alasiri Fundi akaja kugomba.
Bati, alisema, husikilizwa kabla ya kupigwa,
na mimi nimejaza mtaa ngurumo
za magari yasiyonywa hata lita ya petroli.
Nyundo bado mkononi. Mkono wa kushoto.

Sote tunaujua mkono ule. Wapo wateja
wanaoiweka hela chini ili aiokote.
Mwalimu mmoja wa Muheza aliufunga kwa kamba ya katani
darasa la pili zima,
akaambulia mwandiko mbaya wa kulia
na kovu kwenye kifundo.

Kisha akaona. Kibwana kagonga ukuta,
boneti imekunjana kama chapati ya jana;
akabofya, gari likarudi jipya.
"Nani kalinyoosha?"
"Hakuna, Fundi. Linajinyoosha."
Akacheka kile kicheko cha mtu aliyetukaniwa kazi.

Akalipa. Akakaa.
Hakushindana na mtu. Aliliegesha majanini,
akawa analizunguka kwa kile kijiti cha pedi,
mbele, ubavuni, nyuma,
kama anayenunua ng'ombe mnadani.
Wenzake arobaini wakampita wakivuma. Wakampita tena.
"Fundi, kimbia basi! Unatutia aibu!"
"Nyamazeni. Zima hiyo taa."

Nikazima.
Jua la ndani ya gemu lilikuwa limelalia mlango wa kulia,
ubavu ule unaolambana na ukuta,
na pale, chini ya saba, mwanga ulitetemeka
kidogo, kama maji ya sinia lori likipita nje.
Mimi ningeapa ni ufa wa kioo changu.

"Pamepigwa hapa," alisema. "Pakanyooshwa.
Waliochora waliliangalia la kweli,
wakalichora na hili, pengine bila kujua."
Akaweka kidole kwenye kioo. Nimekataza; sikusema.
"Nyundo ya mti kwanza, halafu ya chuma.
Pati ilimwishia, au usiku ulimwishia.
Na tazama zilivyolalia. Zote upande mmoja."

Akainua nyundo yake, akaipiga hewa
polepole,
mara tatu, kama anayebisha hodi
kwa mtu asiye na hakika kama bado anaishi pale.
"Mashoto," akasema. "Yule fundi alikuwa mashoto."

Muda ukaisha. Kioo kikaandika: wa arobaini na moja.
Kibwana akajishika kichwa.
Fundi akatoa mia mbili nyingine, ya kesho,
akanipa mkononi, kwa mkono ule ule,
na kwa mara ya kwanza hakuniomba radhi.

"Hizo ngurumo," alisema akiwa mlangoni, "usipunguze."
Akafikiri.
"Mpira ndio upunguze."